Jiwe Lisilokuwa Zabarjadi

Kassim alipofariki nilikwenda Wete kumpa pole mkewe, Zuhura, ambaye ni rafiki yangu tangu ujana. Nilimkuta chumbani, yumo edani, ameegemea mto, macho makavu na sauti imemkauka. Ukumbini wanawake walikuwa wamejaa mikekani, kisomo kimekwisha, wanakunywa kahawa ya tangawizi, na binti yake mkubwa, Salma, anawahadithia jinsi baba yake alivyomuoa mama yake. Tulimsikia vizuri, kwani baina yetu na wao palikuwa na pazia tu. "Ami yake mama alikataa katakata," alisema Salma. "Akasema pete ya posa ina kigae cha chupa. Jiwe likapelekwa Bara likapimwa, likarudi na jina la ajabu, ni adimu kuliko zabarjadi yenyewe! Ami akatoa idhini siku ile ile. Jiwe ndilo lililomuoza mama." Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani kinachokuja na machozi yake. Zuhura akanitazama. "Unawasikia?" aliniuliza. "Mie nshachoka kuwasahihisha. Weye ulikuwepo, Riziki, na mizani uliishika kwa mkono wako. Iandike."

Basi naiandika. Sehemu kubwa ya umri wangu imekwenda katika kuyatambua mawe na kuyaweka katika makundi yake, na najua jinsi jina lisilo la haki linavyoweza kukiganda kitu hata watoto wakalirithi. Lakini mwaka ule sikuwa mjiolojia. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa skuli, msichana kutoka Makangale niliyekaa Wete kwa Bi Shuwena, mama yake Zuhura, kwa sababu kwetu kulikuwa mbali mno na skuli. Nyumba yake ilikuwa na ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko la mawe matatu na pipa la maji. Mimi na Zuhura tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja cha mbao kilichokuwa kikilia kila mmoja wetu akijigeuza. Kwenye dirisha palikuwa na cherehani yake, na juu ya kabati palipangwa kofia za viua alizokuwa akizishona kwa ajili ya watu. Alinizidi miaka miwili mitatu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo akiyasema huna la kuongeza.

Chakula cha nyumba ile bado nakionja. Jioni Bi Shuwena alichemsha shelisheli, akalitia tui zito na chumvi, na pembeni akaweka papa wa kuchoma. Tulikula uani, sinia moja, na huko ndiko nilikosikia habari za Kassim kabla sijamwona. Bi Shuwena alimzungumza kama watu wanavyoizungumza mvua iliyonyesha kwa wakati. Kassim alikuwa mvuvi wa Kojani. Msimu ukifika wavuvi wa Kojani huenda dago, yaani huhamia kambi za mbali pwani ya Bara, huvua huko miezi, halafu hurejea. Kila akirejea alipitia kwa Bi Shuwena kumuuzia samaki, na siku moja aliona paa la jiko linavuja, akaenda, akarudi na makuti, akaliezeka bila ya kuombwa wala kungoja shukurani. "Akisema atakuja Alkhamisi," Zuhura aliniambia tukiwa kitandani, "huja Alkhamisi. Mie sijui jambo jingine la kumtakia mtu." Nilicheka. Nilidhani mapenzi yana mambo makubwa kuliko hayo.

Posa ililetwa baada ya Ramadhani, ikapokewa, na pamoja nayo Kassim akamletea Zuhura pete ya fedha yenye jiwe rangi ya chai isiyokolea. Alisema ni zabarjadi, kito cha thamani. Katika dago lake la mwisho alikuwa akipanda vilimani, nyuma ya pwani ya Tanga, kuwauzia papa mkavu wachimbaji wa mawe, na mchimbaji mmoja ndiye aliyempa jiwe lile kwa mzigo wa papa. Zuhura aliivaa ile pete akaenda nayo kisimani, jikoni na kwenye cherehani. Mambo yakawa mazuri mpaka siku aliyokuja ami yake, Ami Hamad.

Ami Hamad alikuwa muuza nguo mjini, ndugu wa marehemu baba yake Zuhura, na kwa hiyo ndiye walii wake: pasipo yeye hakuna wa kumuozesha. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeilisha nyumba ile tangu kaka yake alipofariki, na kila akija hakuja mikono mitupu. Lakini aliwahi kumuozesha dada yake kwa mtu aliyejidai ana mashamba, kumbe hana hata mche, na tangu hapo akawa hamwamini mtu anayetoka safari na maneno. Aliishika ile pete, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akasema zabarjadi anazozijua yeye ni za kijani. Akaomba akae nayo kidogo. Aliirudisha siku ya pili, na nilikuwa ukumbini nikipiga pasi sare yangu alipoiweka juu ya meza. "Nimempelekea sonara wa Chake," alimwambia Bi Shuwena. "Kasema si zabarjadi. Kasema huenda ni kigae cha chupa kilichosuguliwa. Mtu anayeanza ndoa kwa chupa, shemeji, atamaliza kwa nini?" Zuhura alitoka chumbani, akaichukua pete, akaivaa palepale mbele yake, akarudi kwenye cherehani. Lakini sikusikia cherehani ikizunguka.

Mimi ndiye niliyemwambia Zuhura kwamba jambo lile linaweza kujulikana. Nilikuwa na uhakika wa kijana anayefaulu masomo, uhakika ambao hata leo sijaupoteza wote. Skuli tulikuwa na Mwalimu Neema, mwalimu wa kemia, Mkristo kutoka Bara, mwanamke mrefu aliyevaa vitenge vya rangi kali na kufunga maabara kwa ufunguo alioutundika shingoni kando ya msalaba wake. Nilimfuata baada ya masomo nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza huku akiosha chupa za majaribio, halafu akasema, "Kujua kwamba kitu si chupa ni kazi rahisi, Riziki. Kujua ni kitu gani hasa ni kazi ngumu. Mwambie mwenyewe alilete, na alitoe kwenye pete. Fedha itatuharibia mizani."

Zuhura alilitoa kwa ncha ya mkasi wake wa kukatia nyuzi. Aliyanyanyua taratibu meno ya fedha yaliyolishika, moja baada ya jingine, mpaka jiwe likamdondokea kiganjani. Bila ya pete lilionekana dogo, kama punje ya hindi. Tulikwenda wote wawili maabara, yeye kwenye buibui lake, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi kama mtu aliyekuja kuangaliwa na daktari. Mwalimu Neema alilitazama kwa kioo cha kukuzia, akaniita nami nitazame. Kingo za upande wa nyuma wa jiwe, nilipoziangalia kwa kupitia mbele yake, zilionekana mbili mbili, kila mstari na pacha wake. "Chupa haifanyi hivyo," alisema. "Mwanga ukiingia kwenye chupa hupita njia moja. Hapa unagawanyika ukapita njia mbili. Hii ni fuwele." Tukajaribu ukingo wa jiwe kwenye kipande cha chupa, likaacha mkwaruzo mweupe, na lenyewe halikupata hata alama. Zuhura alivuta pumzi ndefu. Sonara wa Chake alikuwa amekosea.

Ilibaki kupima uzito wake kwa maji. Hesabu yake ni nyepesi: unalipima jiwe kavu, kisha unalining'iniza kwa uzi ndani ya maji ukalipima tena, na tofauti ya vipimo inakuambia jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji. Kila madini yana kipimo chake, na kipimo hicho hakibadiliki, jiwe liwe la mfalme au la mvuvi. Mwalimu alitoka kwenda kumwona mkuu wa skuli, akatuachia. Nilipima, nikapiga hesabu, nikafungua kitabu chenye jedwali. Zabarjadi ni nzito mara tatu na theluthi kuliko maji, na mimi nilipata vivyo hivyo. Niliruka. Nilimshika Zuhura mabega nikamwambia, "Zabarjadi, yakhe! Zabarjadi tupu!" Na yeye, aliyekuwa hacheki ovyo, akacheka akaziba uso kwa mtandio.

Mwalimu Neema aliporudi hakushangilia. Aliinama mpaka macho yakawa sawa na gilasi ya maji. "Na hivi vipovu?" aliuliza. Tumboni mwa jiwe, chini, vilikuwa vimenata vipovu vidogo vya hewa, vinang'aa kama mayai ya samaki. Vilikuwa vikilinyanyua jiwe na kuiongopea mizani. Akanifundisha: chemsha maji, yaache yapoe, lisugue jiwe kwa brashi laini likiwa ndani ya maji, ndipo upime. Nilifanya hivyo mara ya pili, na ya tatu, kwa kuwa ya pili sikuipenda. Jibu halikubadilika tena. Jiwe lile lilikuwa zito mara tatu na nusu kuliko maji. Kwa macho ni tofauti ndogo, lakini kwa madini ni tofauti ya ukoo na ukoo. Haikuwa zabarjadi.

Zuhura alikuwa bado amekaa kwenye kiti, anangoja. Kipimo cha kwanza, kile cha uongo, kilikuwa kwenye karatasi mbele yangu, na kingetosha kumnyamazisha Ami Hamad. Mwalimu Neema alisimama kando yangu. Alikuwa akinitazama mimi, si mizani. Nilikwenda nikachuchumaa mbele ya Zuhura. "Nilikosea," nilimwambia. "Mwanzo maji yalikuwa na hewa. Si zabarjadi. Si chupa, hilo naapa, lakini zabarjadi si." Aliniuliza, "Sasa ni nini?" Nikamwambia sijui. Alilifunga jiwe kwenye ncha ya kanga yake, akafunga fundo, akatangulia kutoka.

Ami Hamad aliambiwa jibu la maabara, na Kassim akaitwa. Alikuja kutoka Kojani na kanzu yake ya sala, akakaa ukumbini kwenye ukingo wa kiti, mikono mikubwa juu ya magoti. Mimi na Zuhura tulikuwa nyuma ya pazia, na nilikuwa nimeshika sahani ya visheti nisiyojua niipeleke au nisiipeleke. Ami Hamad alimuuliza kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Ulisema zabarjadi."

"Nilisema, Mzee."

"Ulijua kama si zabarjadi?"

"Sikujua. Aliyenipa kaniambia zabarjadi, nami nikasema alivyoniambia. Kama kanipunja, basi nimepunjwa mie. Sikukusudia kumpunja Zuhura."

"Na mie nitajuaje?"

"Hutajua, Mzee," alisema Kassim. "Mie mwenyewe sina njia ya kukujulisha. Mtu hana chombo cha kupimia moyo." Ami Hamad akasema kwamba kwa kuwa mwalimu wa skuli kasema jiwe linaweza kupimwa vizuri zaidi Bara, basi lipelekwe, na jibu likija wataongea. Likija la maana, ndoa ipo. Likija takataka, kila mtu ashike njia yake. Nilimtazama Zuhura. Alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake.

Mwalimu Neema alilichukua jiwe likizo ilipofika, amelifunga kwenye pamba ndani ya kikopo cha dawa. Alisoma chuo pamoja na mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya madini Dar es Salaam. Likizo ikaisha, akarudi bila ya jibu. Rafiki yake alikuwa na kazi nyingi, na jiwe lenyewe, alisema, lilikuwa likiwasumbua. Nyumba ikawa nzito. Bi Shuwena akawa anatia chumvi mara mbili au hatii kabisa. Mimi nilikuwa nasomea mitihani kwenye mwanga wa kandili umeme ukikatika, na nikimsikia Zuhura akigeuka upande wake wa kitanda, na kitanda kikilia.

Halafu alasiri moja Ami Hamad alikuja kutuangalia, na Zuhura akatoka chumbani akakaa mbele yake. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Alimwamkia, akamshika mkono akaubusu, akasema, "Ami, mie sisubiri jibu la Bara."

"Umeghairi?"

"Sikughairi. Nataka uniozeshe kabla halijaja."

Ami Hamad aliweka kikombe chini. "Una haraka gani?"

"Sina haraka. Lakini likija zuri utaniozesha, likija baya utakataa. Basi anayepimwa si Kassim. Na mie sitaki kuolewa na jiwe." Sauti yake haikupanda. "Nikuulize, Ami. Anasali?"

"Anasali."

"Umesikia analewa?"

"Sijasikia."

"Kamdhulumu mtu Kojani?"

"Nimeuliza. Hawakusema hivyo."

"Basi kizuizi cha sharia ni kipi? Maana nikenda kwa kadhi, hilo ndilo atakalokuuliza."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumjibu Ami Hamad, seuze kumtajia kadhi. Na sote tulijua kwamba walii akikataa bila ya sababu, kadhi anaweza kusimama mahali pake. "Utanipeleka kwa kadhi, Zuhura?" alisema. "Mie niliyekulea?"

"Sipendi, Ami. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Nataka uniozeshe weye, si kadhi."

Ami Hamad aliinuka, akavaa makubadhi yake, akaondoka. Chai yake ilibaki mezani mpaka ikashika utando. Bi Shuwena alilia jikoni, na Zuhura akaenda kukaa naye, akamsaidia kukuna nazi. Zilipita siku kadhaa tusimwone Ami. Alipokuja tena alisimama mlangoni, hakuingia, akasema neno moja, "Ijumaa," akageuka. Na Ijumaa ile, baada ya sala, alikaa kwenye zulia mkabala na Kassim, akampa mkono, akatamka maneno ya kumuozesha binti wa kaka yake kwa sauti iliyofika mpaka uani tulikokuwa wanawake. Zuhura aliolewa amevaa pete isiyokuwa na jiwe. Meno ya fedha yalikuwa yamebaki wazi, na alikuwa ameyabana kwa mkasi yasimchane.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Salma. Mama yako alikuwa ameshahamia Kojani jibu lilipokuja.

Lilikuja mwishoni mwa mwaka, na Mwalimu Neema aliniita maabara kunieleza. Jiwe lile linaitwa sinhalaiti. Ni borati, yaani madini ambayo boroni na oksijeni ndio kiini chake, hapa zikiwa zimeshikana na magnesi na alumini. Sikuelewa mpaka aliponikumbusha ule unga mweupe wa boraksi ambao masonara huunyunyizia fedha wanapoiunga. Huo nao ni wa ukoo huo. "Lakini boraksi inayeyuka kwenye maji," nilisema. "Hili linakwaruza chupa." Akafurahi. Alisema borati nyingi ni hivyo, laini, chumvi za maziwa yaliyokauka, na hii ni miongoni mwa chache zilizotoka motoni, pale chokaa ya zamani ilipopikwa na joto la miamba ya chini. Na kuhusu zabarjadi, alinichorea ubaoni. Chembe za mawe yale mawili zimepangwa kwa ramani moja, ila pale ambapo zabarjadi ina silikoni, hili lina boroni. Kwa sababu hiyo yanafanana kwa rangi na kwa mng'ao, na hata mabingwa duniani waliwahi kuliweka hili katika kundi la zabarjadi za hudhurungi, mpaka walipolipima kwa eksirei wakaona wamekosea. Nilibaki nimeutazama ubao hata baada ya yeye kufunga madirisha. Kila mtu kwetu alitaka niwe muuguzi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwishakubali. Jioni ile niliacha kukubali. Nilimwambia Mwalimu kwamba nitasomea mawe, akaniuliza nyumbani nitasema nini, nikamwambia nitasema hivyo hivyo.

Ami Hamad aliposikia alifurahi kama mtoto. Alilitaja lile jina sokoni na msikitini, akalikosea kila mara, na katika kusimulia kwake jibu likaanza kuja kabla ya ndoa: alisubiri, akasubiri, jiwe likaja, akatoa idhini. Nadhani hakukusudia uongo. Alimpenda Zuhura, na hakuipenda ile alasiri ya kadhi, akaiondoa kwenye hadithi.

Mimi na Mwalimu Neema tulivuka kwenda Kojani kulirudisha jiwe. Zuhura alikuwa uani kwake akiparua changu, magamba yamemjaa mikononi, na Kassim alikuwa akishona wavu kivulini mwa nyumba. Mwalimu alieleza yote: borati, boroni, eksirei. Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, kisu hakikusimama. Mwalimu akamuuliza jambo ambalo nadhani lilikuwa likimsumbua njia nzima: aliwezaje kukubali kabla ya kujua? "Mume nilikuwa namjua, Mwalimu," alisema Zuhura. "Jiwe ndilo nililokuwa silijui."

Kassim alikuwa ameacha kushona. "Yule mchimbaji," aliuliza, "alinidanganya?"

"Hapana," Mwalimu alimjibu. "Naye hakujua. Waliosoma kuliko mimi na yeye waliwahi kuliita hivyo hivyo."

Kassim aliinamisha kichwa. Tulidhani anatafuta sindano yake. Alipokiinua, macho yalikuwa yamelowa. "Alhamdulillahi," alisema. "Nimemlaani yule mtu mwaka mzima. Kila nikisali namkumbuka, namlaani." Akapangusa uso kwa kikoi. "Dago lijalo nitampandia vilimani. Nitampelekea papa."

Na msimu ulipofika alimpelekea, akamtafuta vilimani mpaka akampata, akamwomba radhi kwa kosa ambalo yule mtu hakuwa na habari nalo.